Barua kwa Kaka Hamadi, na Ami Faki asomewe

Davos, Uswisi
Jumapili usiku

Kaka Hamadi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Ramadhani imeniangukia katikati ya theluji mwaka huu. Mihogo nimeitafuta mpaka Zurich, nikapata ya kugandishwa, nikaipika kwa nazi ya kopo. Haikunoga, lakini niliila yote na sufuria nikaikwangua. Baridi nimeizoea, kazi ni kazi, usiniulize zaidi ya hapo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote. Wa Ami Faki nimeusikiliza mpaka pale aliposema, "Zuhura kawa Mzungu, tunamwomba mashine anatupa hadithi za barafu." Hapo nikauzima. Baada ya kufuturu nikauwasha tena, maana Ami ni Ami na haki ya kusikilizwa anayo. Jibu langu ndilo hili, na naomba umsomee wewe mwenyewe, usimpunguzie kitu: pesa za mashine ya mashua sijatuma, na sitatuma mpaka mkae mzungumze yaliyomkuta Khatibu, siku ile ya harusi aliyofia baharini kwenye mashua ya Ami. Za Mwanaidi na watoto nimeshatuma kwa simu ya Mama. Hizo si za kujadiliwa barazani na wala zisipitie mkono mwingine.

Sasa kwa kuwa kaitaja barafu, na tuizungumze barafu.

Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza siku hizi nafanya nini. Jikoni nimetoka, Kaka. Niko juu mlimani, kwenye kampuni ya lifti zinazopandisha watu wa skii. Majira haya wakatupeleka mafunzoni, namna ya kumtafuta mtu aliyefukiwa na poromoko la theluji. Kila anayetoka nje ya njia zilizotengenezwa huvaa kifuani kiredio kinachopiga mawimbi ya kilohezi 457. Ukifukiwa, wenzako wanageuza vyao vikawa vya kupokea, wanakufuata kwa mlio na mishale mpaka wanasimama juu yako. Kisha wanachoma theluji kwa ufito mrefu mwembamba, na ukigonga mtu wanachimba kwa sepetu. Mwalimu alificha viredio chini ya theluji akatuachia. Mimi, mtoto wa Chokocho, Pemba, nilikipata changu nikawatangulia vijana waliozaliwa hapa hapa, walioanza skii kabla ya kusema! Mwalimu akanipa mkono mbele ya wote. Ile picha aliyonayo Mama, mwambie ile si helmeti ya bodaboda. Cheti nimekitundika ukutani, na wageni wangu wote lazima wakisome, hata wanaokuja kuomba chumvi.

Mnadhani theluji ni kitu kimoja cheupe. Si hivyo. Inashuka kwa tabaka, na kila tabaka lina siku yake na upepo wake. Wakati mwingine chini kabisa zinabaki punje zisizoshikana, halafu juu yake linakuja tabaka gumu lililobanwa na upepo. Ni kama mkeka uliotandikwa juu ya mtama kwenye sakafu ya mteremko. Unakaa kimya, hata siku nyingi, mpaka mtu mmoja aukanyage. Kwenye mteremko wa nyuzi 30 kwenda juu, uzito wa mtu huyo mmoja watosha mlima kuachia. Wanaoporomokewa huko nje ya njia, tisa katika kumi poromoko wameliangusha wenyewe au kaliangusha mwenzao aliye nao. Mlima haukuwaendea, wao ndio walioufuata.

Ukifukiwa, saa yako ni fupi. Hesabu za Uswisi zinasema anayetolewa ndani ya dakika 10 kwa kawaida anaishi, tisa katika kumi. Kuanzia hapo mpaka nusu saa anaishi kama mmoja katika watatu, maana pumzi yake mwenyewe inamziba. Helikopta ikifanya haraka namna gani, mara nyingi inafika imechelewa. Wanaokuokoa ni wale uliotoka nao asubuhi, kwa vitu walivyovaa mwilini saa ile. Kiredio kilichobaki hotelini hakimtafuti mtu, na maboya yaliyofungiwa stoo ya Ami ili yasichakae hayamzuii mtu kuzama.

Taasisi yao inayochunguza theluji iko hapa hapa Davos. Walianzia kwenye kibanda cha mbao huko juu Weissfluhjoch mwaka 1936. Majira ya baridi wanatoa taarifa saa 11 jioni, na nyingine saa 2 asubuhi. Ya jioni naisoma huku nikisubiri magharibi iingie. Hatari wanaipanga daraja 1 mpaka 5. Nilidhani wengi wanakufa daraja la 5, kumbe sivyo. Daraja la 5 kila mtu yuko ndani anakunywa chai. Linaloua zaidi ni la 3. Siku zake ni kama asilimia 30 ya siku za majira, lakini karibu nusu ya vifo viko humo. Jua linawaka, theluji mpya inang'aa, na kila mmoja anajiambia leo panapitika.

Kaka, bahari ya siku ile ya harusi ilikuwa daraja la 3. Nilipoisoma ile taarifa mara ya kwanza nilikaa chini.

Ami asinijibu kwamba wale ni wajinga wasiojua mlima. Huyu Mfalme Charles wa Uingereza, enzi hizo mamake ndiye anayetawala, tarehe 10 Machi 1988 alikuwa Klosters, mji jirani tu na hapa. Walitoka nje ya njia wakiwa na kiongozi mwenyeji anayeheshimika. Theluji ikaachia. Mwenyewe akanusurika, rafiki yake Meja Hugh Lindsay akafa pale pale. Na huko Marekani, jimbo la Washington, pahala paitwapo Tunnel Creek, Februari 2012 waliteremka watu kumi na kadhaa, wengi wao mabingwa wa kazi hiyo, na taarifa ya asubuhi walikuwa wameisoma. Watatu hawakurudi. Baadaye kulikuwa na waliosema kwamba moyoni walikuwa na wasiwasi tangu juu, lakini kundi lilikuwa kubwa, lina majina makubwa, nani aanze kusema turudi?

Yuko mtafiti mmoja wa Marekani, Ian McCammon, aliyechukua ajali 715 za maporomoko akauliza swali ambalo sisi hatuulizi: hawa watu dalili walikuwa wanaziona, basi kwa nini walikwenda? Akakuta ni mambo yale yale yanarudi. Pahala pamezoeleka. Safari imeshapangwa, kuivunja ni aibu. Yupo bingwa, wengine wanamwachia yeye macho na akili. Wengine wameonekana wakipita, basi na sisi tupite. Na mtu anataka kuonekana mbele za watu.

Niliposikia hayo darasani nilikuwa naona ngazi ya Chokocho, si mlima. Mlango wa Kisiwa Panza tunaujua tangu tumboni. Bibi harusi anasubiri ng'ambo na pilau limeshapakuliwa. Nahodha ni Ami Faki, na Ami Faki haulizwi. Mashua ya kina Shehe imeshavuka. Bamvua, kusi limechachamaa, wanawake na masanduku yao wamejaa mpaka maji yamebakisha shubiri kufika ukingoni. Na Khatibu, ndivyo alivyoniambia Mwanaidi na sijui kama kawaambia nyinyi, alisema, "Ami, tupeleke nusu, turudi tuchukue nusu." Akachekwa. Kijana wa miaka ishirini na mbili kachekwa, kanyamaza, kapanda.

Maneno yale aliyoyasema Khatibu huku yana thamani kubwa. Mwezi uliopita kuna wageni walifukiwa upande wa nyuma wa mlima wetu, wakatolewa hai, mmoja kavunjika paja. Jioni ile ile kampuni ikatuketisha wote, kuanzia mkubwa wa usalama mpaka sisi wa kukagua tiketi. Hakuna aliyekaripiwa. Kila mmoja akaulizwa ameona nini na saa ngapi. Binti mmoja wa kituo cha chini akasema aliwaona wageni wale wakipita bila vifaa, akataka kuwaambia, akaona haya kwa sababu mkubwa alikuwa amesimama pale na hakusema kitu. Mkubwa akanyanyuka akasema kweli, aliwaona, akawadhania wanajua wanachofanya. Mbele yetu sote, Kaka! Kikaandikwa. Kesho yake pale pakawekwa mtu wa kuuliza. Sijasema Wazungu ni malaika, hawa hawa wana mengine ambayo ningeyaandika karatasi isingetosha. Lakini hili wanalifanya na mkubwa hakupungua kimo.

Sisi tulisoma khitma, tukala, tukasema kudra. Kudra siikatai. Lakini Ami ndiye aliyenifundisha chuoni hadithi ya mtu na ngamia wake, kwamba amfunge kwanza kisha ategemee. Na meli ya Spice Islander ilipozama Septemba 2011, nani aliyekuwa akinguruma barazani kwamba nahodha aliyekubali kupakia vile ashitakiwe? Skagit ikafuata Julai 2012, akanguruma tena, tume ziundwe, ukweli usemwe, watu wasifichwe. Nilikuwa nasonga ugali jikoni, namsikia. Basi tume ya kwetu iwe wapi?

Ninachotaka ni kidogo. Mkae baada ya Idi, si kwa kumhukumu mzee. Mwanaidi awepo na asemeshwe, msimweke chumba cha nyuma na wanawake. Wale mabaharia wawili wawepo, na wadogo waanze kusema kabla ya wakubwa, maana mkubwa akishasema pale kwetu neno limekwisha. Muandike: walipanda wangapi, nani aliona wingu, nani alisema nini, maboya yalikuwa wapi. Kisha mkubaliane idadi ambayo mashua haivuki ikizidi, ipigwe rangi ubavuni, na baharia yeyote akisema leo tusivuke, hata kama ni mtoto, isivuke na asichekwe.

Mkinitumia karatasi hiyo, pesa ya maboya natuma siku ile ile, na ya mashine mwezi unaofuata. Maboya kwanza. Ami akisema haiwezekani, basi mashine ainunue kwa pesa ya karafuu zake, mimi simzuii.

Najua utasema nimekuwa mkali. Usiku nikitoka kazini hapa kimya ni kikubwa mno, nasikia masikioni sauti ya Khatibu akiniita "shangazi wa barafu" kwenye simu, anataka nimpigie picha nikianguka. Nilimpigia. Alicheka mpaka simu ikakatika. Kaka, nimewakumbuka nyote, hata kelele za jogoo wa Bi Asha.

Wasalimie watoto. Mama mwambie dawa za presha anywe baada ya daku, asizikatishe.

Nduguyo,
Zuhura

Baada ya kuandika: picha ya mabati nimeiona, ahsante. Ila ule mlango wa kijani na mnazi uliopinda naujua. Ile ni nyumba ya Ami. Ya Mama inaezekwa lini?