Tuandikieni vijana riwaya za kambi za vita kwa Kiswahili

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na waandishi na wachapishaji wa vitabu vya vijana.

Ninatunza maktaba ya shule moja ya sekondari hapa Mwanza. Vitabu vinavyochakaa upesi ni riwaya za watoto walionusurika katika kambi za kazi ngumu wakati wa vita. Wanafunzi huvipokezana mpaka majalada yananyofoka. Lakini vyote ni vya Kiingereza, na mtoto wa kidato cha pili anayesoma kwa kubahatisha maana huambulia nusu ya hadithi. Tena hubaki akidhani ni mambo ya Ulaya tu.

Februari 1940 askari wa Urusi ya Kisovieti waliwatoa Wapolandi majumbani mwao usiku, wakawapakia pamoja na watoto katika mabehewa ya mizigo hadi Siberia na misitu ya kaskazini. Huko walikata magogo kwenye theluji, na mkate ulipimwa kwa kazi: asiyefikisha kiwango alipunguziwa, na kwa kuwa njaa ilimmaliza nguvu, kesho yake alishindwa zaidi. Ujerumani ilipoivamia Urusi mwaka 1941, wengi waliachiliwa kwa mkataba. Mwaka 1942 maelfu walivuka Bahari ya Kaspi kuingia Iran, wengine wakifia njiani kwa maradhi, kisha baadhi yao wakaletwa Afrika Mashariki. Wapatao 5,000 waliishi Tengeru, Arusha, na makaburi yao yapo hadi leo. Wengine walipelekwa Koja, Uganda, kando ya ziwa hili hili letu. Mtoto aliyetoka kwenye barafu ya Siberia akachota maji ya Nyanza! Jamani, nani ataiandika riwaya hiyo?

Na sisi tuna ya kwetu. Waingereza waliiteka Mwanza Julai 1916, na katika Vita ya Kwanza ya Dunia pande zote mbili, Waingereza na Wajerumani, ziliwabebesha Waafrika mizigo ya majeshi, wengi wao kwa kulazimishwa. Wapagazi walikufa zaidi kwa kuhara damu na njaa kuliko kwa risasi. Vita ya Pili ilipokuja, Japani ikateka nchi za Asia zilizotoa mpira na katani, serikali ya kikoloni ya Tanganyika ikawakamata watu kwa shokoa, yaani kazi ya lazima, wakafanye kazi mashambani, mkonge ukiwamo. Kijana wa leo anaweza kumtaja dikteta wa Ujerumani, lakini babu wa babu yake aliyebebeshwa sanduku la risasi hamjui kabisa.

Nawaomba waandishi jambo moja zaidi: msiwafiche vijana njaa, chawa wala vifo, na msiwape shujaa anayetoroka peke yake kwa ubabe. Walionusurika kambini mara nyingi walishikana: aliyegawa kipande cha mkate, aliyemfunika mgonjwa, mama aliyeendelea kuwafundisha watoto kusoma. Wanafunzi wangu wanaelewa hayo haraka, maana wengi wanajua kulala na njaa.

Wachapishaji, ziandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, ziwe nyembamba kiasi cha kumalizika ndani ya muhula, na bei iwe ile ambayo shule ya kata inaweza kulipa. Masimulizi ya wajukuu wa wapagazi na wa manamba, vibarua wale wa mashamba ya mkonge, yako vijijini Usukuma. Mwandishi aende akayasikilize sasa, kabla wazee hawajaondoka nayo.

Mtunza maktaba,
Mwanza