Tiketi ya Pili

Lubumbashi, Commune ya Kenya
Mwanzo wa Novemba 2025

Wajina wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza sikukusikia, watoto walikuwa wanapiga kelele na umeme ulikuwa umekatika. Mara ya pili nilisikia kicheko chako tu. Mara ya tatu ndipo nikalipata swali lenyewe: "Ninyi watu wa timu ya Lupopo, hamkuwa mabingwa wa nchi. Kwenye Ligi ya Mabingwa ya Afrika mnafanya nini?" Na nyuma yake ukanitupia la pili, kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba mkopo: timu yenu ya Dawa, ya Bukavu, ifanye nini ili nayo siku moja ipande ndege ya Afrika?

Nakujibu kwa kuandika. Sauti inakula mega nyingi, na hili jambo ni refu. Lakini kwanza, mama anaendeleaje? Mguu umepona? Mwambie bukari, ugali wa hapa, bado inamngoja. Najua kwa sababu ya vita uwanja wenu wa Kavumu hauna ndege, na benki za huko si kama zamani, kwa hiyo sitakuuliza utakuja lini.

Sasa mpira.

Unaijua nyumba yetu. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na katika nyumba ya mtu wa reli hapa Lubumbashi rangi ni mbili tu, njano na buluu. Nimezaliwa Lupopo kama wengine wanavyozaliwa Wakatoliki. Kwa hiyo usiku ule wa Oktoba tulipowatoa Orlando Pirates wa Afrika Kusini, nilipoteza sauti siku mbili. Hapa kwetu tuliwapiga 3-0. Tukasema yamekwisha. Tulipokwenda Soweto, wakaturudishia 3-0 ileile! Hawa ni watu waliofika nusu fainali msimu uliotangulia, wajina, si watoto. Sheria ya CAF, shirikisho la mpira la Afrika, katika raundi hizi ni kwamba mkilingana jumla, bao la ugenini linahesabiwa kwanza. Kwetu hawakupata bao, kwao hatukupata bao, kwa hiyo hakukuwa na cha kuhesabu. Wala muda wa nyongeza haupo; mnakwenda moja kwa moja kwenye penati. Nilitoka nje ya nganda, ile baa tunayotazamia mpira. Nilisimama karibu na mama anayechoma mahindi, nikamwambia aniambie yeye kitakachotokea. Akaniambia, "Sikiliza mwenyewe." Nikasikia mtaa mzima umelipuka.

Basi, tumeingia makundi. Na hapo ndipo swali lako linapouma, kwa sababu jibu lake la kweli sipendi kulisema hapa mtaani. Nakuandikia wewe kwa sababu uko mbali.

Kila nchi hupeleka bingwa wake Ligi ya Mabingwa. Hilo halina ubishi. Mshindi wa kombe la nchi huenda Kombe la Shirikisho, shindano la pili la Afrika. Lakini CAF ina orodha ya mashirikisho, na yale 12 ya juu hupewa nafasi mara mbili: timu 2 Ligi ya Mabingwa, timu 2 Kombe la Shirikisho. Nchi nyingine zote, moja na moja. Kongo tumo ndani ya 12. Ndiyo maana bingwa, Aigles du Congo, alikwenda, na sisi tukamfuata kwa tiketi ya pili. Ungekuwa raia wa nchi iliyo nje ya 12, mshindi wa pili wa ligi angekaa nyumbani na medali yake.

Sasa, Kongo imeingiaje ndani ya 12? Si kwa ukubwa wa nchi. Si kwa wingi wa madini pia, maana hilo lingekuwa rahisi. Ni kwa pointi ambazo timu za nchi zinachuma kwenye mashindano hayohayo, kwa misimu 5. Akichukua Ligi ya Mabingwa, bingwa anaipa nchi yake pointi 6. Aliyefungwa fainali 5. Nusu fainali 4. Robo fainali 3. Wa tatu katika kundi 2. Wa mwisho katika kundi 1. Kwenye Kombe la Shirikisho ni pungufu ya hapo, bingwa 5, wa mwisho wa kundi nusu pointi. Ukitolewa kabla ya makundi huipatii nchi kitu, hata kama umecheza kama malaika.

Halafu pointi hizo zinazidishwa. Za msimu wa karibuni kabisa mara 5, za kabla yake mara 4, kisha 3, kisha 2, kisha 1, kisha zinafutwa. Zinayeyuka kama faranga zetu. Chukua mfano ambao ninyi nyote mliuona: msimu wa 2023-24 Mazembe, mahasimu wetu wa hapa Lubumbashi, walifika nusu fainali. Walitoka 0-0 na Al Ahly hapa Lubumbashi, wakaenda kufungwa 3-0 Cairo. Sisi wa njano na buluu tulicheka wiki nzima, nakiri. Lakini kile kipigo kilikuwa na thamani ya pointi 4, na 4 mara 5 ni 20 kwa Kongo. Mwaka uliofuata zikawa 16. Mwaka huu zitashuka tena hadi 12. Msimu uliofuata Mazembe walimaliza mwisho katika kundi lao, nyuma ya Al Hilal ya Sudan, MC Alger ya Algeria na Yanga. Maniema Union, Wakongo wenzetu, nao mwisho kwenye kundi lao. Aibu, ndiyo. Lakini kila mmoja aliiachia nchi pointi moja.

Umeelewa ninakokwenda? Ile tiketi niliyoishangilia mpaka nikapoteza sauti, sehemu yake kubwa imelipwa na Kunguru, yaani Mazembe. Na AS Vita, timu ya Kinshasa, pia. Sisi Lupopo tulishika nafasi ya pili kwa jasho letu, lakini kiti cha pili chenyewe kilikuwepo kwa sababu jirani alikilipia. Na mwaka huu Mazembe wenyewe hawamo Ligi ya Mabingwa! Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, unamkumbuka, yule mwenye kofia nyeusi na nyeupe ya Mazembe hata msibani, nimemweleza hesabu hii juzi kwa unyenyekevu. Akanijibu, "Basi lipeni riba." Sikuwa na jibu.

Kama unataka kuona jinsi hesabu hii inavyoweza kubadilisha maisha ya timu ndogo, waangalie Watanzania. Msimu wa 2018-19 Simba waliwafunga Vita mechi ya mwisho ya makundi wakaingia robo fainali, wakaja hapa Lubumbashi, Mazembe wakawapiga 4-1. Sisi hapa tulidhani hadithi imeishia hapo. Kumbe kule Dar es Salaam walikuwa wanahesabu: msimu uliofuata Tanzania ilipeleka timu 4. Mmojawapo alikuwa KMC, timu ya manispaa ya Kinondoni, aliyemaliza wa nne kwenye ligi. Wa nne, wajina! Walikutana na AS Kigali wakatolewa mapema, lakini pasipoti zao zilipigwa muhuri.

Kwa hiyo ukiwa unaombea Dawa, ombea na Lupopo. Hata tukimaliza mwisho katika kundi hili tulilopangiwa, na ni kundi la kutisha, Sundowns ya Afrika Kusini, Al Hilal, MC Alger, pointi 1 mara 5 tayari iko mfukoni mwa Kongo.

Sasa Dawa. Njia ni mbili. Ya kwanza ni ligi: misimu hii Linafoot, ligi kuu yetu, imekuwa ikigawanywa Mashariki na Magharibi, halafu wa juu wanakutana kwenye hatua ya mwisho. Ninyi mko upande wetu, na hapo pole, maana kabla ya kuona Kinshasa lazima mpite kwa Mazembe, kwetu, na kwa Maniema. Mkimaliza wa kwanza au wa pili mwishoni, ni Ligi ya Mabingwa. Wa tatu, Kombe la Shirikisho. Njia ya pili ni Kombe la Kongo, na kama ningekuwa kiongozi wa Dawa ningeweka nguvu zangu zote huko. Mechi chache, safari chache. Katika nchi ambayo timu haiwezi kutoka mji mmoja kwenda mwingine bila ndege, kikombe ni huruma kuliko ligi. Na ikitokea aliyechukua kikombe tayari ana tiketi ya Ligi ya Mabingwa, nafasi yake huangukia mwingine aliye chini yake. Watu wengi wamepanda ndege kwa mlango huo wa nyuma.

Lakini usidhani ukishamaliza uwanjani umemaliza. Kuna makaratasi. Klabu lazima iwe na leseni: kocha mwenye vyeti vya CAF, timu ya vijana, na siku hizi timu ya wanawake pia. Hili la wanawake viongozi wengi waliliona kama mzigo, mpaka Novemba 2024 wasichana wa Mazembe walipochukua Ligi ya Mabingwa ya wanawake kwa kuwafunga AS FAR 1-0 huko Moroko. (Wanawake wao wana njia yao, wanafuzu kwa kanda.) Mwisho wa yote majina yanapelekwa CAF na shirikisho la nchi, si na klabu. Ukigombana na shirikisho, omba Mungu.

Na makaratasi yanaweza kukutoa hata ukiwa umeshinda. Mwaka 2011 Mazembe walikuwa mabingwa mara mbili mfululizo, wametoka kucheza fainali ya klabu za dunia na Inter ya Italia kule Abu Dhabi. Wakaitoa Simba, wakaitoa Wydad ya Moroko. Halafu ikagundulika walimchezesha beki Bokungu ambaye mkataba wake ulikuwa na utata na Esperance ya Tunisia. Simba wakalalamika, CAF ikawafukuza Mazembe, Simba na Wydad wakapelekwa Cairo kucheza wao kwa wao, Wydad wakashinda 3-0. Nilifurahi sana mwaka ule. Mzee mmoja wa Kamalondo, shabiki wao, akanikumbusha kwamba lile kombe lao la kwanza la 1967, wakiitwa bado Englebert, nalo lilikuja kwa karatasi: sare mbili na Asante Kotoko ya Ghana, kisha Kotoko hawakutokea kwenye mechi ya kuamua. "Karatasi ilitupa," akasema, "karatasi ikachukua."

Uwanja nao ni shida. Ule wenu wa Concorde, Kadutu, naupenda, unajua hilo. Nilipata malaria yangu mbaya kuliko zote siku niliyolowa mvua pale nikikataa kuondoka kabla ya filimbi. Lakini CAF ikija kukagua taa, viti na vyumba vya wachezaji, itauliza maswali. Uwanja usiopitishwa, unacheza "nyumbani" kwenye nchi ya watu.

Najua utaniuliza: na kama hakuna ligi kabisa huku kwetu? Nimeliwaza hilo, siwezi kukudanganya. Ila angalia Al Hilal, hao hao tuliopangwa nao. Nchi yao, Sudan, iko vitani tangu Aprili 2023. Omdurman, kwao, hawachezi. Msimu uliopita walichezea Nouakchott, wakaingizwa hata kwenye ligi ya Mauritania, na kwenye kundi la Afrika wakamaliza wa kwanza, juu ya Mazembe. Watu wao walikuwa wanawatazama kwenye simu, wametawanyika Misri, Chad, Uganda. Sijui kama huko kwenu kuna mtu mwenye fedha ya kufanya hivyo kwa Dawa. Muungano na Dawa, mahasimu wa mji wenu, wangelazimika kwanza kukubaliana kukaa hoteli moja, na hapo tu vita nyingine ingeanza.

Fedha ukiuliza: mwaka 2023 bingwa alipata dola milioni 4, na hata aliyeshika mkia kundini alipewa 700,000. Kabla ya makundi ni safari, hoteli, na madeni. Ndiyo maana ile penati ya mwisho ya Soweto ilikuwa nzito hivyo. Na zamani aliyetolewa pale alikuwa na pa kuangukia, alishushwa Kombe la Shirikisho akajaribu tena. Siku hizi anarudi nyumbani.

Mechi zinaanza mwezi huu. Nimeshakubaliana na yule jirani wa kofia: tutatazama kwake, kwa sababu ana jenereta, na yeye ameahidi kushangilia Lupopo dakika 90, si moja zaidi. Nimemwambia ni kwa ajili ya pointi za nchi. Amesema yeye ni kwa ajili ya riba.

Ukipata mtu anayeshuka kwa ziwa mpaka Kalemie, nitumie sambaza, wale samaki wadogo, zilizokauka vizuri. Si zile za mara ya mwisho, zilifika na mchanga.

Wajina wako,
mtoto wa reli