Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ajira Zinapoongezeka Dodoma, Fundi Anabaki na Nini?

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina, na katibu anayo orodha ya wanachama wapya. Mimi nitashika jambo moja lililorudi mezani karibu kila kamati ilipokaa: kazi za ujenzi Dodoma zipo, ila zimebadilika sura, na anayesubiri zile za mwanzo atasubiri sana.

Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika eneo ambalo leo ni Jiji la Dodoma. Ile ya 2022 ikakuta 765,179. Hilo ni ongezeko la watu 354,223 kwa miaka 10. Tukikadiria watu wanne kwa kaya, ni kaya zaidi ya 88,000 zilizotafuta pa kulala, sawa na makazi mapya kama 24 kila siku iendayo kwa Mungu. Chanzo chake mnakijua. Uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa ulitekelezwa kwa kusuasua, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kikaanza 2007, wizara zikahamia baada ya tangazo la Julai 2016, na Aprili 2018 tukawa jiji.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita. Mtumishi aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam amekuja na kazi yake. Hajaongeza ajira hata moja nchini. Ajira inazaliwa pale mshahara wake unapotumika hapa: kodi ya nyumba, chakula cha mama lishe, bodaboda, karo, na mwisho kiwanja na tofali. Kwa hiyo tujiulize mshahara huo unatumika wapi. Tangu treni ya SGR, yaani ya reli mpya ya kisasa, ianze kufika Dodoma Julai 2024, safari iliyokula kutwa nzima kwa basi inachukua chini ya saa nne kwa treni ya haraka. Mwenye familia Dar anaweza kuondoka Ijumaa jioni na Jumatatu akawa ofisini Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Huyo hana haraka ya kujenga pembeni mwa jiji, Iyumbu wala Nzuguni. Anapanga chumba na sebule chenye choo na jiko ndani.

Wenye viwanja wameshaliona hilo, ndiyo maana eneo la nyumba moja ya familia linawekwa vyumba vinne vya kujitegemea. Kila kimoja kina choo chake, sinki lake na mita yake. Ukuta na bati haviongezeki sana. Bomba, nyaya na vigae vinaongezeka mara kadhaa. Mwashi asiyejua kingine atabanwa. Fundi bomba, fundi umeme na fundi vigae watagombaniwa.

Miradi mikubwa nayo tusiitegemee kama mshahara wa mwezi. Barabara ya mzunguko ya nje, kilomita 112.3, inayopita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu, imeajiri vijana wengi, lakini kazi ya namna hiyo huisha kipande kwa kipande. Kipande kikikamilika, vibarua wanamwagika mtaani kwa pamoja na malipo ya saidia fundi yanashuka. Barabara ikishapitika ndipo zamu yetu inapofika, kwa viwanja vya pembeni yake. Huko hakikisha nauli ya vijana na gharama ya maji ya boza vimo kwenye makadirio. Ukivisahau, vitakula faida yote.

Haraka hii imeleta ubovu. Saidia fundi aliyeingia jana anapewa koleo, anaona zege ni gumu kukoroga, anaongeza maji. Zege hilo linakauka likiwa na vitundu na nguvu pungufu. Kipimo cha 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) kwa mfuko wa saruji wa kilo 50 (ujazo wake kama lita 35) ni ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, kwa ndoo ya lita 20. Maji ni lita 25 hadi 28, na mchanga ukiwa umelowa, punguza. Visima vingi vya Dodoma vina chumvi: maji hayo yakiingia kwenye zege la nondo, nondo zinashika kutu, zinavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Kwa nguzo, lenta na jamvi tumieni maji yasiyo na chumvi, hata kama boza ni ghali. Kisha mwagilieni siku 7 bila kuruka, na kipindi cha upepo mkavu, kuanzia Juni hadi Oktoba, funikeni kwa magunia yaliyolowa. Upepo huo hukausha uso wa zege kabla halijashika, na nyufa huanza siku ile ile.

Migogoro mingi iliyofika kwa kamati ni ya kazi za ufundi tu, ambapo mwenye nyumba ananunua vifaa. Saruji inachelewa, fundi anakaa na vijana wanaodai posho, na makubaliano yalikuwa ya mdomo. Andikeni, hata ukurasa mmoja: malipo kwa hatua (msingi, ukuta hadi lenta, kupaua, plasta) na kiasi cha kulipwa kwa kila siku ya kusubiri vifaa. Mwenye kuajiri vijana akumbuke pia kwamba sheria ya kazi ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu.

Kazi za serikali hazijafungwa kwetu. Madarasa na zahanati nyingi hujengwa kwa fosi akaunti, ambako mafundi wa mtaa huajiriwa moja kwa moja, na sheria ya ununuzi ya 2023 inatenga asilimia 30 kwa makundi ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Lakini kundi lisilosajiliwa, na ambalo halimo kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, halionekani. Asiye na cheti apitie urasimishaji ujuzi wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Anapimwa kwa anachokijua tayari.

Kamati inaomba mkutano uridhie mambo mawili: sehemu ya ada ya mwaka ujao ilipie upimaji wa mafundi bomba na umeme kwanza, na mkataba wa ukurasa mmoja alioandaa katibu utumike na kila mwanachama kuanzia kazi inayofuata.