Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, pamoja na Suala la Vipimo vya Mate

Ndugu wanakamati, ndugu matabibu wa kinywa na meno,

Nawashukuru mliofika. Tuko 33 kati ya wanachama 94, akidi imetimia na mtu mmoja wa ziada, tena baada ya katibu kupiga simu asubuhi nzima kwa vocha yake.

Shughuli za kawaida mnazijua: tulizunguka shule saba, tukaadhimisha Siku ya Afya ya Kinywa Duniani tarehe 20 Machi, tukashiriki misiba miwili. Sitazirudia.

Nije kwenye linalosemwa vibarazani. Mwezi Juni alikuja wakala na kipimo cha saratani ya kinywa kinachosoma RNA, yaani nakala za maagizo ya jeni. Mgonjwa anatema mate kwenye kichupa, kichupa kinapelekwa nje ya nchi, na kwa kila kichupa tabibu anapata chake. Kamati ilikataa kwa kura nne dhidi ya tatu, na ya nne ilikuwa yangu. Tangu hapo nimeitwa mzee wa zama za mawe. Niliitisha mkutano Septemba ili nijieleze, wakaja watu 11. Basi nijieleze leo.

Mimi si adui wa RNA. Aprili ni nani aliyewafundisha somo hilo, kwa projekta ya kuazima kwa shemeji yake? Nilisema kwamba seli ikigeuka saratani, jeni nyingine huamka na nyingine hulala, na nakala zake za RNA huonekana hata kwenye mate. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walilinganisha wagonjwa 32 na watu wazima wa afya 32. Walipata RNA saba zilizopanda, ikiwamo ya intaleukini 8, protini inayoita chembe za kinga, na mchanganyiko wake ukatambua wagonjwa kwa asilimia 91, na wasio wagonjwa vilevile. Mwaka 2009 zikatajwa maikroRNA mbili zinazopungua kwenye mate ya wagonjwa, miR-125a na miR-200a. MaikroRNA ni vipande vifupi vya RNA, herufi 22 hivi za kijeni, na huhimili mate kuliko RNA ndefu, ambazo vimeng'enya huzikatakata upesi. Ambros na Ruvkun, waliogundua maikroRNA, walipewa Nobeli mwaka 2024. Waliokuwepo siku ile wanakumbuka. Wanaonipinga zaidi hawakuwepo.

Sasa tazameni hao 32 waliolinganishwa nao: ni wazima. Anayekaa kwenye kiti chako si mzima. Fizi zinatoka damu, magego yameoza, na intaleukini 8 hupanda kwa uvimbe wa fizi pia. Mzee aliyetafuna tambuu na popoo miaka 40 akiletewa jibu baya kwa sababu ya fizi, utamwambia nini? Na mwenye doa jeupe chini ya ulimi akipewa karatasi ya "salama", nani atamrudisha? Tena hata jibu likiwa baya, bado lazima akatwe kinyama kikapimwe kwa darubini, maana bila hicho hakuna daktari atakayeanza tiba.

Kwa hiyo shilingi 3,800,000 zilizotakiwa ziwe amana ya vichupa tulinunulia visu vya kukatia kinyama, fomalini ya kukihifadhia, na nauli ya kupeleka sampuli. Mwaka jana tulipeleka vinyama vinne, mwaka huu 19. Ni kweli majibu mengine yalichukua wiki sita. Hilo mnanilaumu kwa haki, ingawa maabara si yangu.

Ada. Ni shilingi 60,000 kwa mwaka, na waliolipa ni 31, yaani shilingi 1,860,000 badala ya 5,640,000. Barua ya kutaka nijiuzulu imesainiwa na watu saba, na kwenye kitabu cha mweka hazina nimewaona wawili tu kati yao. Sitaji majina, wanajijua.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatumaini kuzungumza na chuo kikuu juu ya kukusanya mate kwa utafiti, yakiambatana na vinyama vya wagonjwa haohao. Itahitajika friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na umeme usiokatika. Tutaona.

Mweka hazina yuko mlangoni na stakabadhi. Chakula ni baada ya ajenda namba saba.

Mwenyekiti