Wamama wanaokoma hedhi waelezwe kuhusu estradioli

Mhariri, salaam na poleni na kazi. Kuna jambo linanikera kuhusu wamama wa miaka 45 mpaka 55, na naona hata nyie magazeti mnalipita tu.

Mwanamke akianza kukoma hedhi ovari (vile viungo vinavyotoa mayai ya uzazi) zinapunguza kutengeneza estradioli, ndo ile homoni kuu ya kike anayokuwa nayo tangu anavunja ungo, na ikishashuka mwili mzima unajua, joto linapanda ghafla toka kifuani mpaka usoni, jasho usiku, usingizi hamna, hasira za karibu, huku chini pakavu tendo la ndoa linakuwa mateso na UTI haziishi. Dada yangu alikuwa anaamka saa tisa usiku anakaa chini kwenye simenti na kanga mbichi mabegani. Kituo kimoja cha afya kikampima malaria, hamna, wakampa panadoli wakamwambia mama ni umri huo, vumilia.

Avumilie nini wakati dawa ipo? Estradioli inatengenezwa kutokana na mimea kama soya na viazi vikuu, ila ikishakamilika ni ileile kabisa inayotolewa na ovari. Ipo ya vidonge, ipo jeli ya kupaka mkononi, na plasta ya kubandika chini ya kitovu. Hizi za kwenye ngozi hazipitii kwanza kwenye ini kama kidonge, ndo maana kwa upande wa damu kuganda zinaonekana salama zaidi.

Tatizo ukitaja homoni tu watu wanasema kansa. Hofu hiyo ilisambaa 2002 baada ya WHI, utafiti mkubwa wa afya ya wanawake kule Marekani, kusitisha sehemu yake ya homoni, lakini wale walipewa estrojeni (kundi la homoni ambalo estradioli nayo imo) za mkojo wa farasi wenye mimba pamoja na projestini, yaani homoni ya kutengenezwa inayoiga projesteroni, tena wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, na kansa ya matiti iliyoongezeka ilikuwa kama wanawake 8 kwa kila 10,000 kwa mwaka. Sisemi hatari hamna. Aliyewahi kuugua kansa ya matiti au damu kuganda, au anatokwa damu haijulikani kwanini, asiguse kabla ya kuonana na daktari. Na mwenye kizazi lazima apewe na projesteroni, homoni nyingine ya kike inayolinda kizazi, maana estradioli peke yake inanenepesha ukuta wa kizazi na hapo ndo kansa ya kizazi inapoweza kuingia, kwa hiyo hawa wanaouza "homoni za wamama" mitandaoni wananitisha sana.

Mhariri naomba mtafuteni daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake ajibu maswali ya wasomaji, atuambie nani anafaa, dawa zinapatikana hospitali zipi na bei gani. Na wizara nayo iulizwe, mjamzito ana kliniki yake na kadi yake, huyu aliyemaliza kuzaa aende dirisha gani?

Msomaji wenu,
Morogoro