Kura za watu wa kati Uingereza

Rehema mpendwa,

Salamu kwako na kwa watoto. Umeuliza imekuwaje Conservative, chama kilichokuwa kinatawala Uingereza, waliopaza sauti kuhusu wahamiaji miaka yote ile, wakaangushwa vibaya namna ile kwenye uchaguzi wa Julai 2024. Wengi watakwambia ukali wao uliwachukiza watu wa msimamo wa kati. Kwa baadhi ni kweli, lakini wengi wa hao walitaka idadi ipungue. Kilichowachosha ni ukali usiozaa kitu.

Mwaka 2019 chama kiliahidi kupunguza wahamiaji, kikapata asilimia 43.6 ya kura na wabunge 365. Kisha serikali hiyohiyo ikalegeza masharti ya viza za kazi, na katika mwaka ulioishia Juni 2023 walioingia wakawazidi waliotoka kwa zaidi ya laki tisa. Wakati huohuo macho ya watu yalielekezwa kwenye boti ndogo zinazoleta wahamiaji kutoka Ufaransa na mpango wa kuwapeleka Rwanda wanaoingia hivyo, uliotangazwa Aprili 2022. Ndege ya kwanza ilizuiwa Juni mwaka huo. Novemba 2023 Mahakama ya Juu ikaamua kwa kauli moja kwamba mpango haukuwa halali. Bunge likapitisha sheria ya kuitamka Rwanda nchi salama! Hadi siku ya kura hakuna aliyepelekwa kwa lazima, na Kigali ilikwishalipwa paundi milioni 290. Mpenda sheria na mchunga fedha, yaani Conservative wa jadi hasa, alikwazwa mara mbili.

Aprili 2024 kikaongezwa kidonda kingine: kipato cha chini anachotakiwa kuwa nacho anayetaka kumleta mwenza wake kutoka nje kikapandishwa kutoka paundi 18,600 hadi 29,000 kwa mwaka. Hapo anayebanwa ni Mwingereza mwenyewe aliyeoa au kuolewa na mgeni.

Usiuweke uhamiaji peke yake kizimbani, lakini. Bajeti ya Liz Truss, waziri mkuu wa muda mfupi mwaka 2022, na zile sherehe za Downing Street, ofisini kwa waziri mkuu, wakati wa korona ziliumiza zaidi.

Sasa hesabu ya majimbo, maana huko mwenye kura nyingi huchukua kiti hata bila nusu. Wapiga kura wakali kuhusu wahamiaji walihamia Reform UK, chama chenye msimamo mkali zaidi; wa kati wakaenda Liberal Democrats, chama cha mrengo wa kati, au Labour, chama kikuu cha upinzani wakati huo. Jimboni kwake South West Norfolk, Truss alishindwa na Labour kwa kura 630, na Reform walikuwa na karibu 10,000. Upande wa pili, majimbo ya waliowahi kuwa mawaziri wakuu wa Conservative, yaani Witney ya David Cameron, Maidenhead ya Theresa May na eneo la Henley alikoanzia ubunge Boris Johnson, yote yakaenda kwa Liberal Democrats. Hawa walipata asilimia 12.2 na viti 72, kwa sababu waliweka nguvu pale walipokuwa wa pili. Reform, asilimia 14.3, viti 5: kura zao zilitapakaa nchi nzima. Conservative wakabaki na 121. Kwa hiyo anayekaza uzi ili kumrudisha mkali apige kwanza hesabu, jimbo kwa jimbo, ya wa kati atakaowapoteza.

Nawe usikae pembeni. Pasi ya Tanzania ni ya Jumuiya ya Madola. Ukiwa unaishi huko kwa kibali halali, unaruhusiwa kupiga kura ya ubunge. Jiandikishe kabla hazijabaki siku 12 za kazi, na siku yenyewe nenda na pasi hiyohiyo. Inakubalika kama kitambulisho.

Wako,
Zuhura