Mkionyesha dokumentari chuoni msiishie kupiga makofi

Mhariri, naomba kanafasi nitoe dukuduku langu. Siku hizi wanafunzi vyuoni wameamka, wanaonyesha dokumentari za rushwa, mazingira, ukatili wa kijinsia, na ukumbi unajaa kweli, sasa shida inakuja taa zikiwashwa, mgeni rasmi anashika maiki anaongea weee mpaka watu wanaanza kuchomoka mmoja mmoja, mwisho picha ya pamoja, imeisha hiyo. Sasa hapo mmefanya nini jamani?

Filamu inaweza kubadili mambo, hilo sibishi. Ile The Thin Blue Line ya 1988 ilisaidia kumtoa jela Randall Dale Adams kule Marekani, alifungwa kwa mauaji ambayo hakufanya, akaachiwa 1989. Ila haikuwa filamu peke yake, kulikuwa na wakili na mahakama na ushahidi uliochimbwa upya. Kwa hiyo nyie wanafunzi wa klabu mnaoandaa maonyesho haya, kabla hamjabandika posta muwe mshajua mnataka watu wafanye nini kesho yake, wasaini barua, wajitolee, wakamuone nani. Na maswali yapewe muda kuliko hotuba, tena waiteni wenyewe wanaosemwa kwenye filamu, sio wataalamu tu kila siku.

Halafu hii ya kudaunilodi filamu ya wizi ili mfundishe watu haki, mimi huwa inanichekesha. Muandikieni mtengenezaji mumuombe ruhusa, wapo wanaotoa bure kabisa kwa wanafunzi.

Msomaji wenu